100.01% na Fomu 34A: ni ushahidi upi ulimgeuza mtu?

Mleta mada:
Agosti 2022 nchini Kenya, makamishna wanne wa IEBC, tume ya uchaguzi, walikataa matokeo ya urais wakidai asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Msimamo wangu: mwenye shaka na matokeo hugeuzwa na ushahidi anaoweza kuurudia mwenyewe. Chukua simu. Kura halali ni 14,213,027. Gawanya za kila mgombea, uache desimali tatu: 50.490, 48.849, 0.436, 0.225. Jumla ni 100 kamili. Sasa zifupishe ziwe desimali mbili: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Watatu wa mwisho wamepandishwa kidogo, ndipo ikatokea 0.01. Tena 0.01% ya kura hizo ni 1,421. Aliyepata 142,000 alizidisha kwa 0.01 akaisahau alama ya asilimia.

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu sawa, lakini umeruka kiini. Ruto, aliyetangazwa mshindi, alivuka nusu ya kura, kiwango cha kushinda, kwa takriban 69,600. Ndiyo maana 142,000 ilishika moto. Ingetajwa 1,421 nani angegeuka kuitazama? Watu hupima ushahidi kwa kile unachoweza kubadilisha. Mimi nasema kilichofanya kazi ni Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya kila kituo cha kura: vituo zaidi ya 46,000, fomu zikawekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu anafungua ya kijijini kwao.

Mchangiaji wa pili:
Na hizohizo fomu zilivuruga watu! Vyombo vya habari vilijumlisha kila kimoja kwa mpangilio wake. Kilichoanza na ngome za Raila, mpinzani mkuu wa Ruto, kilimwonyesha Raila mbele, kingine kikamwonyesha Ruto. Data ni ile ile, ila nusu yake. Jumla isiyokamilika bila kuandika imetoka vituo vingapi, na vya wapi, ni uchochezi tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo nakubali.

Mchangiaji wa tatu:
Mmesahau 2017. Mahakama ya Juu iliamuru seva za tume zifunguliwe, tume haikutii ipasavyo, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Ushahidi ulionyimwa ulisema zaidi ya ulioletwa. Mwaka 2022 ikawa kinyume: waliodai fomu za tovuti zimechezewa walileta kumbukumbu za seva, na majaji wakaona baadhi ni za kughushi. Fomu halisi za vituo vilivyokaguliwa zilipolinganishwa na za tovuti na nakala za mawakala wa wagombea, zilifanana.

Mleta mada:
Basi linganisha hivyo hivyo. Jina la kituo na namba yake kwanza, kwa sababu shule moja huwa na vituo kadhaa na watu hulinganisha fomu za vituo tofauti vya shule hiyo kisha wakapiga kelele. Halafu kura za kila mgombea, zilizokataliwa, saini za mawakala. Picha ya wakala iliyokatwa juu, pale penye jina la kituo, mimi siipokei hata ikiwa ya upande wangu.

Mchangiaji wa pili:
Wafuasi sugu je?

Mleta mada:
Hao sikuwahesabu. Nawazungumzia waliokuwa bado wanauliza.