Karanga zilizosagwa unazitoaje kwa kijiko? Ule mgahawa wa Mikocheni umenivuruga

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ule mgahawa wa Mikocheni wenye majani ukutani, ambao kila mtu anapigia picha juisi zake. Mnaujua, sitaji.

Nimeingia na binti yangu wa miaka 6. Ana mzio mkali wa karanga: midomo inavimba, koo linabana, tunakimbizana na hospitali. Ubaoni wameandika kwa chaki: MIMEA TUPU, BILA MAZIWA, BILA KARANGA. Nimeuliza mara tatu. Mhudumu ameapa mpaka kwa bibi yake. Nikaagiza wali na kisamvu cha nazi, 22,000. Kwa hela hiyo Tandale unalisha msiba!

Nimechota kijiko cha kwanza tu, harufu ya karanga imenipiga. Nauliza, hii nini? "Samahani dada, tumechanganya." Akaondoka nayo. Dakika mbili, sahani imerudi. Ile ile! Wali bado una shimo la kijiko changu.

"Tumezitoa, dada."

Mmezitoa? Zimesagwa zikawa unga, zimechemka na tui mpaka zimeota mizizi, nyie mmezitoa? Kwa sumaku?

Nikamwita mpishi. Akakwangua juu ya kisamvu mbele ya macho yangu, akafuta kijiko kwenye aproni, "unaona, chini hamna." Na mtoto ananiuliza, "Mama, sasa nile?"

Tumezitoa! Mzio hausubiri ujaze kibaba. Mabaki ya kwenye mwiko yanatosha kumlaza mtoto, na moto hausaidii, karanga si bakteria. Wanaoomba vyakula hivi tunaongezeka kila siku, wenye mzio, Wasabato, walioacha nyama, na wao wameona hela. Sufuria ya pili hawanunui, wananunua chaki.

Mla Ugali Mkuu: Kisamvu bila karanga ni dawa ya mbuzi. Mtoa mada umejitakia.

Mtoa mada: Ubao umeandika BILA KARANGA. Unajua kusoma?

Mama Wawili Tabata: Pole mwaya. Wangu ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, wakanipa "yasiyo na laktosi". Laktosi ni sukari, mzio wake ni wa protini! Nilifua mashuka usiku kucha.

Fundi Friji: Kisamvu 22,000 😂😂 hapo ndipo ulipoibiwa, karanga walikupa nyongeza.

Sinza Kijiweni: Mimi nimeacha nyama mwaka wa nne. Naagiza mchicha mtupu, naletewa una dagaa. "Kaka, hii siyo nyama, ni dagaa."

Mla Ugali Mkuu: Sasa dagaa ni nyama?

Sinza Kijiweni: Kwani wanaota shambani?

Nesi wa Zamu: Msicheke jamani. Binti wa Uingereza wa miaka 15 alifariki 2016 kwa ufuta uliokuwa ndani ya mkate, haukuandikwa kwenye pakiti. Sheria ya kwao ikabadilishwa, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa pale pale dukani lazima kiandikwe viambato vyote. Dada, peleka TBS, shirika la viwango, usalama wa chakula uko kwao tangu 2019.

Mtoa mada: Kesho asubuhi niko mlangoni kwao. Lakini mtu mzima ananitazama usoni, "tumezitoa"!

Upanga Damu: Nendeni Kisutu kwa Wahindi, mboga tupu tangu enzi. Ila korosho na karanga uliza kwanza.

Chipsi Kavu: Mnalia karanga, mmeyaona mafuta ya yule jamaa wa chipsi Mwenge? Meusi kama oili ya bodaboda. Humo humo samaki, kuku, mihogo.

Fundi Friji: Yule wa karibu na stendi? Tomato yake ni maji na rangi!

Mama Wawili Tabata: Na chenji hana hata siku moja. Ananiambia nichukue pipi.

Sinza Kijiweni: Mimi ana 1,500 yangu tangu Ijumaa.