Naomba ushauri: nibadilishe jina la zimwi wangu?

KalamuButu: Wakuu, salaam. Nachora katuni za kumtania Cthulhu, zimwi wa mwandishi H. P. Lovecraft mwenye kichwa cha pweza na mabawa mgongoni. Yule wa hadithini amelala chini ya Pasifiki. Wangu kalala kwenye kochi. Waumini wanamwimbia aamke aangamize dunia, yeye anaomba dakika tano tu. Nimefika toleo la nne. Je, nibadilishe jina? Wiki nzima silali.

Hakimu wa Kijiweni: Acha woga. Hadithi ilitoka Februari 1928 kwenye jarida la Weird Tales, mwandishi akafariki 1937. Nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, hakimiliki iliisha kitambo. Ila usinakili michoro ya wenzako, wala vile vilivyoongezwa na watunzi wa baadaye. Hivyo vina wenyewe.

BintiWino: Umenikumbusha mbali. Mimi nilimchora yule Mbuzi Mweusi wa Msituni, zimwi mwingine wa Lovecraft, mwenye wana elfu moja, yuko kwenye foleni ya kuandikisha watoto shule. Nilifika mtoto wa 37 mkono ukagoma.

Mzee wa Maonyo: Vijana mnacheza na mizimu. Na huyo Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, barua zake zinasema wazi.

BintiWino: Ndiyo maana raha kumvalisha zimwi wake ndala, mzee wangu.

Sokomoko: Mkuu, jina tu ndilo linakunyima usingizi? Sema yote.

KalamuButu: Haya. Sura ni ya shemeji, mume wa dada. Kipara chake, mkoromo wake, hata "dakika tano" ni yake. Naishi kwake. Lakini nimembandika minyiri minane usoni, nani atamjua?

Sokomoko: Dada yako.

KalamuButu: Dada kauliza tu kwa nini zimwi kajifunika shuka lao. Kubadilisha sura siwezi, wasomaji wameshamzoea. Halafu mbona namsifu! Hadithini baharia Johansen anamgonga Cthulhu kichwa kwa meli, kichwa kinapasuka, kisha kinaanza kujiunga upya. Shemeji ukimwamsha ni hivyo hivyo.

Hakimu wa Kijiweni: Hilo la sura si hakimiliki tena. Hilo ni la kutafuta chumba.

Mtegaji: Hii chai. Mwezi uliopita ulifungua uzi kuuliza rangi ya kupaka sebule "yangu na mke wangu". Shemeji katokea wapi?

KalamuButu: Ule nilimwandikia rafiki.

Mtegaji: Toleo la tano linatoka lini?

KalamuButu: Ijumaa.

Mtegaji: Tangazo hilo, wadau. Tumeuziwa.

BintiWino: Chai au si chai, ya dakika tano nimeicheka. Mbuzi wangu nimalizie au nimwache na 37?

Mzee wa Maonyo: Mwache.

Mgeni_Leo: Habarini, nimejiunga sasa hivi. Samahani KalamuButu, hilo kochi ni la rangi gani?