Gumzo la familia: "borrow" na "lend"

Mama Zuhura: Asalaam aleikum wote. Zuhura karudi na daftari la Kiingereza, sentensi moja imekatwa kwa wino mwekundu: "Please borrow me your ruler." Kosa silioni. Wifi Rehema, upo?

Shangazi Rehema: Waaleikum salaam wifi, nipo. Mwalimu yuko sawa. Ilitakiwa "Please lend me your ruler." Anayepokea ndiye ana-"borrow", anayetoa ndiye ana-"lend". Hapo rula anatoa mwenzake.

Mama Zuhura: Zuhura huyu hapa, anaandika mwenyewe kwa simu yangu.

Mama Zuhura: Shikamoo shangazi. Mbona Kiswahili nasema "niazime rula", tena nasema "nimeazima rula kwa Asha"? Neno ni lilelile.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Hapo ndipo penyewe! Hukukosea kwa uzembe, umefuata lugha yako. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, mtoaji na mpokeaji. Kiingereza hakikubali.

Mjomba Salim: Lakini kwenye kukopa tunatenganisha. Mimi nakopa, mwenye duka ananikopesha.

Shangazi Rehema: Ahsante shemeji, mfano huo nilikuwa nautafuta! Zuhura, shika hapo: kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Ukikwama, ondoa kuazima kichwani, weka kukopa au kukopesha. "Nikopeshe rula", basi ni "lend".

Bibi: Rula haikopwi jamani. Rula inaazimwa. Kinachokopwa ni sukari, unga, pesa. Ukiazima sufuria yangu nataka sufuria yangu ileile. Ukikopa sukari, utaleta nyingine.

Shangazi Rehema: Kweli kabisa mama, na mimi nilikuwa sijalitazama hivyo! Kiingereza hilo hakijali: sufuria "borrow", pesa "borrow". Chenyewe kinataka kujua nani anatoa na nani anapokea. Kiswahili kinataka kujua kitarudi kitu chenyewe au mfano wake. Zuhura, kanuni yangu ni ya kukusaidia kwenye Kiingereza tu. Kwenye Kiswahili msikilize bibi yako.

Mjomba Salim: Mimi haya maneno yaliniumiza. Mwaka juzi fomu ya mkopo ilikuwa Kiingereza kitupu, nikatia sahihi penye "lender". Ikarudishwa, ada ya watoto ikachelewa wiki nzima.

Shangazi Rehema: Pole sana shemeji. "Borrower" ndiye wewe mkopaji, "lender" ni mkopeshaji. Lawama si zako. Mtu anafungwa na deni kwa maneno asiyoyaelewa, na Kiswahili kipo! Siku nyingine nipigie picha ya fomu unitumie kabla hujagusa kalamu.

Mama Zuhura: Shangazi, na wakati uliopita ni "lended"?

Shangazi Rehema: Hapana, ni "lent". "Borrow" haina matata, ni "borrowed". Na "borrow" inafuatwa na "from", kama unavyosema "kwa Asha". Ukikuta "loan me", Wamarekani husema sana, ila wewe kwenye daftari andika "lend".

Mama Zuhura: Nimeandika hivi: "Asha lent me her ruler. I borrowed it from Asha."

Shangazi Rehema: Zote mbili sahihi! Hongera mwanangu.

Bibi: Na hiyo rula ya watu imesharudi kwa mwenyewe?

Mama Zuhura: Kesho asubuhi bibi.