Singapore hadi New York: ramani na tiketi hazisemi kitu kimoja

Zuhura: Shikamooni. Nimepima uwanja wa Changi (Singapore) hadi JFK (New York), ni kama km 15,300. Kwa mwendo wa km 900 kwa saa napata masaa 17. Mbona safari ya moja kwa moja imeandikwa 18 na ushee?

Anko Idi: Marahaba. Kilomita umepatia. Viwanja hivyo vimetengana digrii 178 za longitudo, karibu kila kimoja upande wake wa dunia, kwa hiyo njia fupi inapita jirani kabisa na ncha ya kaskazini. JFK iko digrii 40.6 kaskazini, Changi 1.4. Chukua 180, toa zote mbili, inabaki 138. Kila digrii ni km 111.2, zidisha upate 15,346.

Baba Salma: Ila rubani hafuati huo mstari. Futi 35,000 juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukikupiga usoni unakula mafuta, ukiwa mgongoni unakusukuma. Ndiyo maana kutoka Singapore mara nyingi wanakatiza Pasifiki: njia inarefuka, lakini wanawahi. Kurudi nako mara nyingi wanaendelea mashariki vilevile, juu ya Atlantiki na Ulaya.

Zuhura: Yaani wanazunguka dunia nzima!

Baba Salma: Kabisa. Na ndege si ya kawaida. Singapore Airlines wanatumia Airbus A350-900ULR, ya masafa marefu mno, matangi yanabeba lita 165,000 na viti ni 161 tu ili uzito upungue.

Anko Idi: Halafu km 900 ni mwendo wa angani ikishatulia. Muda wa tiketi unaanza ndege ikitoka getini na kuisha ikisimama geti la pili. Foleni ya kuruka, kupanda na kushuka vyote vimo.

Mama Tatu: Anayepokea ahesabuje jamani?

Anko Idi: Usitoe tu saa ya kuruka kwenye saa ya kutua, dada, kila upande una saa zake. Novemba hadi Machi Singapore imetangulia masaa 13, majira mengine 12. Mfano wa Januari: ndege itoke JFK 22:00 tarehe 14, iruke masaa 18 na dakika 40. New York itakuwa 16:40 tarehe 15. Ongeza 13: Singapore ni 05:40 tarehe 16.

Mama Tatu: Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Mtu anaweza kwenda kumngoja tarehe 15!

Anko Idi: Wengi wanakosea hapo. Upande wa pili ni kinyume: ukitoka Changi 12:00 mchana, kwa masaa 18 na nusu unatua JFK 17:30 siku ileile.

Baba Salma: Zuhura, angalia sana tiketi ya 00:30. Ikiandikwa tarehe 15, ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia 15. Uwanjani fika tarehe 14 jioni.

Zuhura: Yangu ni 00:35 🙆🏾‍♀️ Nabadilisha teksi sasa hivi.