Kukarabati nyumba wajukuu wakiwemo ndani: kipi kitangulie, kipi kisubiri?

Bibi wa Ghorofani

Salaam wanajukwaa. Wajukuu watatu wanakuja kukaa kwangu wiki tatu, wa miaka 2, 5 na 9. Wanafika baada ya siku nne. Kazi zinazonisubiri ni tatu.

Chumba watakacholala kinahitaji rangi. Kina mita 4 kwa 3.5, dari iko mita 2.7, na dirisha la mbao lina rangi ya zamani sana inayobambuka. Reli ya ngazi ni ya mbao, fito zake zimeachana sentimita 14. Bafu ni moja tu: vigae vinne vya sakafuni vinacheza na grauti (kijazio cha kati ya vigae) imekuwa nyeusi. Fundi anashauri tuvunje sakafu yote ya bafu, anasema siku mbili inatosha.

Vifaa nilivyo navyo ni drili, msumeno wa mkono na ngazi ya kukunja. Naomba mpangilio: nini kifanyike kabla hawajafika, nini wakiwepo, na nini kiachwe.

Fundi Mbao

Shikamoo bibi. Reli kwanza, na iishe kabla hawajafika. Uwazi wa sentimita 14 ni hatari kwa wa miaka 2: mwili unapenya, kichwa kinakwama. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni uwazi usiozidi sentimita 10.

Usibomoe fito zilizopo. Ongeza fito moja katikati ya kila nafasi. Fito ya unene wa sentimita 3 inagawa zile 14 kuwa nafasi mbili za 5.5, basi. Pima kila nafasi peke yake, juu na chini, kwa sababu reli za zamani hazilingani. Ukikata fito zote kwa kipimo kimoja nusu yake zitalegea. Toboa kwanza kwa biti ya mm 3, kisha skrubu ya mm 4 x 50 kwa mshazari, moja juu na moja chini, upande wa ukutani. Usipotoboa kwanza, ncha ya fito inapasuka. Ukimaliza pitisha kiganja pande zote mbili: ncha ya skrubu iliyochomoza inamngoja mtoto.

Fito zisimame wima. Usipigilie mbao za kulala hata kama ni rahisi zaidi, kwani huko ni kumtengenezea mtoto vipandio.

Geti la ngazi nalo muhimu. Lile la kujibana kati ya kuta bila skrubu linafaa chini ya ngazi tu. Juu ya ngazi weka la kufungwa kwa skrubu, tena lifunguke kuelekea ndani ya ghorofa wala si kuelekea kwenye ngazi. La kujibana likisukumwa linaachia, na pia lina kizingiti cha chini kinachokwaza mtu mzima aliyebeba mtoto.

Rangi Mbili

Bibi, kwenye chumba tenganisha kuta na dirisha. Ni kazi mbili tofauti kabisa.

Dirisha: rangi ya zamani inayobambuka uichukulie kuwa ina madini ya risasi mpaka ipimwe. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978, na nchi nyingi zilifuata kwa kuchelewa sana. Dirisha ni baya kuliko ukuta kwa sababu kila likifunguliwa mbao zinasuguana na kutoa vumbi laini, vumbi linatua kwenye kizingiti, na wa miaka 2 anashika kizingiti kisha anaweka vidole mdomoni. Kwa hiyo dirisha lisipigwe msasa mkavu, lisichomwe kwa moto, lisiguswe kwa mashine ya msasa. Kabla ya wao kufika fanya hivi tu:

Tandika nailoni sakafuni, ivuke dirisha mita 2 kila upande. Zima feni. (Feni ni ya harufu, kwenye vumbi inalitawanya nyumba nzima.) Vaa barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini. Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia, kwangua magamba yaliyolegea tu, endelea kulowesha. Kunja nailoni kwa ndani, tupa na magamba yake. Futa kizingiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, halafu kitambaa kingine na maji safi, ndoo mbili tofauti. Usifagie. Kisha praima (rangi ya msingi) na rangi juu yake. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kuta: mzunguko ni mita 15, mara 2.7 ni mita za mraba 40.5. Toa mlango na dirisha, inabaki kama 37. Mikono miwili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji inafunika mita za mraba 10 hadi 12, basi chukua lita 8.

Kabla ya kununua, chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti usugue ukuta mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi, ukuta una rangi ya maji. Kikitoka safi, ni ya mafuta. Tuambie umepata nini.

Bibi wa Ghorofani

Marahaba, asanteni. Nimesugua, kitambaa kimetoka safi. Na ukuta unang'aa kidogo.

Rangi Mbili

Basi ni rangi ya mafuta. Ukipaka ya maji moja kwa moja juu yake haitashika. Itabambuka kama ngozi, na mtoto akishaona pa kuanzia kubandua hataacha. Kama ukuta nao ni wa zamani kama dirisha, upime risasi kabla ya kugusa, vipimo vya kusugua vinauzwa. Ukiwa salama: osha kwa maji na sabuni ya kuondoa mafuta, suuza, piga msasa namba 180 ukiwa umeloweshwa mpaka mng'ao ufe, futa, acha ukauke. Praima ya kushika mkono mmoja, ngoja muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha rangi ya maji mikono miwili, kati yake saa 2 hadi 4. Kama hewa ina unyevu mwingi ngoja zaidi: mkono wa pili ukiwahi, rola inaufuta wa kwanza.

Siku ya kwanza kuosha, msasa na dirisha. Ya pili praima asubuhi, mkono wa kwanza mchana. Ya tatu mkono wa pili mapema, madirisha wazi na feni dirishani ikipuliza nje. Usiku wa kwanza wa kufika kwao walale chumba kingine, na wa pili pia ikiwezekana. Rangi ya maji inakauka mkononi kwa saa moja lakini inakomaa kwa wiki 2 hadi 4, kwa hiyo kitanda kikae sentimita 5 mbali na ukuta na michoro ya kalamu isisuguliwe kwa nguvu kabla ya hapo.

Ukitumia rangi ya mafuta kwenye dirisha, vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe. Vinajipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au viloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Vigae na Maji

Bafu msilivunje. Siku mbili alizosema fundi ni za mikono yake, hakuhesabu saruji. Hesabu hivi: kuvunja na kusawazisha siku moja, na kama sakafu ikimwagwa upya inataka siku zake za kukomaa. Kizuia maji mikono miwili, siku nyingine. Gundi ya vigae saa 24 kabla ya kukanyagwa. Grauti saa 24 kabla ya maji. Silikoni saa 24. Na hapo ni kama hakuna kitakachoharibika njiani. Kwa bafu moja na watu wanne, mmoja wao pengine bado anavaa nepi, hiyo kazi isubiri waondoke.

Vile vigae vinne vinarekebishika wakiwepo, na mjukuu wa miaka 9 anaweza kusaidia: agonge kila kigae kwa mpini wa bisibisi na kutia alama ya chaki kwenye vinavyolia uwazi. Mtashangaa, mara nyingi havitakuwa vinne tu.

Kigae kilicholegea: kwangua grauti pande zote nne kwanza. Kikigoma, pasua kuanzia katikati kwa tindo ndogo. Ukianzia ukingoni unamegua kigae jirani. Miwani muhimu, watoto wawe nje ya mlango, vipande vya kigae vinakata kama kioo. Toa gundi ya zamani yote mpaka chini, vinginevyo kigae kitakaa juu kuliko wenzake na kukwaza vidole. Gundi mpya kwa mwiko wa meno ya mm 6 hadi 10, kandamiza, linganisha kwa pimamaji. Kama lazima bafu litumike jioni hiyo, weka ubao unaoegemea vigae vizima vya pande mbili bila kugusa kipya, na maji yasimwagwe upande huo.

Grauti nyeusi: kwangua kina cha angalau mm 3. Ukipaka mpya juu ya ya zamani bila kukwangua inatoka baada ya wiki chache. Changanya nzito, iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza maji. Maji mengi ndiyo yanayoleta nyufa na rangi ya mabaka. Saruji mbichi inaunguza ngozi, hivyo glavu, na ndoo ioshwe palepale.

Ndoo yenyewe isibaki na maji. Sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo aliyetumbukia kichwa kwanza.

Umeme Zima

Nyongeza. Mkifungua vifuniko vya soketi ili kupaka rangi, zimeni sakiti breka ya chumba hicho na mbandike utepe juu yake, maana mtoto wa miaka 9 akikosa umeme anajua pa kwenda kuuwasha. Hakikisheni kwa testa, na testa yenyewe ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme. Vifuniko virudi siku ileile, soketi isilale wazi.

Betri bapa za vipimo vya leza na taa ndogo ni hatari kuliko skrubu: zikimezwa zinaunguza koo ndani ya saa mbili. Akishukiwa kumeza, hospitali mara moja, hakuna kungoja dalili.

Fundi Mbao

Na thina au tapentaini isihamishiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika tano. Akinywa, msimtapishe, inaingia mapafuni. Hospitali, pamoja na kopo lake. Ngazi ya kukunja ilazwe chini kila ukishuka. Ikisimama, wa miaka 5 atapanda.

Bibi wa Ghorofani

Nimeelewa: reli na chumba kabla, vigae na grauti wakiwepo, sakafu ya bafu baadaye. Huyo wa miaka 5 naye anataka kazi. Anaweza kupiga msasa zile fito mpya za reli?

Fundi Mbao

Fito zifungwe kabla hawajafika, bibi, zisimngoje yeye. Bakiza vipande vya mbao mpya zisizo na rangi, azungushie msasa namba 120 kwenye kibao kinachomtosha mkononi, asugue kufuata nyuzi za mbao, nje ya nyumba. Asiguse kitu chochote chenye rangi ya zamani. Na mpe brashi na kopo la maji apake ukuta wa nje. Unakauka anaanza upya.

Zile fito zisipakwe vanishi wiki hiyo. Wa miaka 2 atazitafuna.