Naomba ushauri: kubabua rangi kwenye modeli ya ndege ya vita, nimekwama katikati

Kidole_Gundi (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina modeli ya plastiki ya ndege ya Vita vya Pili vya Dunia, skeli 1/48. Nataka ionekane imepigika haswa: rangi imebabuka, metali inachungulia, hasa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa na ubavuni. Nimeshapiga praima, juu yake fedha ya laka mwili mzima, juu ya fedha spreyi ya nywele mikono miwili. Kinachofuata ni kamafleji (rangi za mabaka za kuificha ndege) ya akriliki, kisha nilowanishe na kubandua kwa brashi. Hapo ndipo mkono unatetemeka. Nikibandua sana imekwenda, nikibandua kidogo haionekani. Maji yawe ya moto au baridi? Naogopa kuharibu maana si yangu, ni ya mtu.

MsasaLaini
Uvuguvugu. Lowanisha sehemu ndogo, subiri spreyi ilainike chini, kisha gusagusa kwa brashi fupi yenye nywele ngumu. Usisugue. Na usiache akriliki ikalala siku nyingi kabla ya kubandua, ikishakomaa haitoki kwa chembe, inatoka kwa vipande. Halafu kumbuka skeli: kwa 1/48, doa la milimita 2 ni karibu sentimita 10 kwenye ndege yenyewe. Watu wanasahau hilo, wanatoa ndege inayofanana na mti uliochunwa gome.

Baba_Dekali
Spreyi ya nywele ni ya vijana wenye haraka. Sisi tulikuwa tunatumia chumvi. Unalowanisha fedha, unanyunyiza chumvi ya chengachenga, unaacha ikauke, unapuliza rangi juu, unapangusa chumvi. Inaacha mabaka ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuyachora. Nilifanya ndege ya kivita Ki-61 ya Japani kwa njia hiyo. Ndege nyingi za jeshi la nchi kavu la Japani zilipakwa kijani juu ya metali tupu, bila praima, ndiyo maana rangi ilikuwa inababuka ovyo. Mgeni akiingia kwangu anaiendea hiyo kwanza. Mke wangu anasema ina ukurutu.

Kutu_Daima
Weka kutu ya rangi ya chungwa kwenye mabawa, mkuu. Kutu haijawahi kumwangusha mtu.

MsasaLaini
Alumini haishiki kutu @Kutu_Daima. Uliambiwa hivyo hata kwenye uzi wa meli.

Kutu_Daima
Meli ilikuwa ya chuma dada yangu. Pale nilikuwa sahihi.

LenziMbili
Mleta uzi, ni ndege gani?

Kidole_Gundi
Ya Uingereza, ya injini mbili. Asante @MsasaLaini, nitajaribu uvuguvugu. Je, kuna tofauti kati ya spreyi ya bei ya chini na ile nzuri?

SitakiVita
Samahani niwaulize nyote. Mnapanga namna ya kupendezesha mashine zilizochoma miji ya watu. Mnasema "imepigika" kama sifa. Hivi mmewahi kujiuliza nani alikuwa chini yake?

Baba_Dekali
Tumejiuliza. Ndiyo maana hatuwekei watoto ziwe za kuchezea. Endelea kusoma, usiondoke.

LenziMbili
Narudia. Injini mbili za Uingereza ziko nyingi. Blenheim? Beaufighter? Whitley? Taja jina, kwa sababu jibu linabadilika.

Kidole_Gundi
Sioni kwa nini ibadilike, rangi ni rangi na mbinu ni ile ile. Ila kwa kuwa umeng'ang'ania: de Havilland Mosquito, toleo la FB Mk VI. Sasa tuendelee na maji.

LenziMbili
Nilijua tu.

Hakuna metali ya kuchungulia hapo, mkuu. Mosquito ni ya mbao. Bodi yake ilitengenezwa nusu mbili, kushoto na kulia, kwa plaiwudi ya mbetula nje na ndani, katikati balsa (mbao nyepesi sana), vikagundishwa kwenye kalibu na kisha kuunganishwa. Bawa nalo la mbao. Juu ya plaiwudi likabandikwa kitambaa chembamba cha pamba, ndipo rangi ikafuata. Ubavu wa Mosquito ukiukwaruza hadi chini kabisa utakuta mti. Vya metali ni maboneti ya injini, spina (ile koni ya mbele ya propela), propela, aileroni (vibao vinavyochezea nyuma ya bawa) na vitu vya aina hiyo. Wewe umepiga fedha mwili mzima.

Kutu_Daima
😂😂😂 Kumbe tatizo ni mchwa, si kutu.

Kidole_Gundi
Najua kwamba ilikuwa na mbao ndani. Lakini tuongee ukweli: ikiwa kwenye kabati, mtu yuko hatua mbili mbali, nani atajua? Picha ya kwenye boksi yenyewe inaonyesha ukingo wa bawa una mng'ao. Na mteja amesema wazi anataka aione metali. Fedha imeshalala vizuri sana, ni mkono bora kuliko yote niliyowahi kupiga. Siwezi kuifuta kwa sababu ya nadharia.

MsasaLaini
Nadharia? Ndege nzima ya mbao ndiyo nadharia?

UshahidiKwanza
Ngojeni kwanza. Mimi si mtu wa modeli, nimepita tu. Mnataka niamini kwamba vita vile, watu wana vifaru na rada, Waingereza wakatengeneza ndege ya kupiga mabomu kwa plaiwudi na gundi? Uzi huu ni chai. Mmekaa mnatungiana.

LenziMbili
Prototipu yake, W4050, iliruka tarehe 25 Novemba 1940 na bado ipo, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya de Havilland huko London Colney. Kaiangalie. Sababu yenyewe ni rahisi: alumini ilikuwa inagombaniwa, mafundi seremala hawakugombaniwa. Viwanda vya samani vikapewa kazi. Toleo la kupiga mabomu halikuwa na bunduki hata moja, lilitegemea mbio tu. FB Mk VI ya mleta uzi ndiyo yenye meno: mizinga minne ya milimita 20 chini ya pua na bunduki nne mbele yake.

SitakiVita
Na ni hizo hizo FB Mk VI zilizobomoa ukuta wa gereza la Amiens, Ufaransa, 18 Februari 1944. Wafungwa wengi walitoroka, wengine wengi waliuawa na mabomu yale yale yaliyokuja kuwaokoa. Kwa hiyo ukishamaliza kupaka masizi yako, kumbuka.

Baba_Dekali
Huyu anajua zaidi ya nusu yetu. Wewe lazima una modeli mahali umeificha.

SitakiVita
Nina moja. Ni ya ndege ya wagonjwa.

MsasaLaini
Turudi kwenye kazi. @Kidole_Gundi, kuchakaa si kubabuka peke yake. Mosquito inachakaa, ila kwa namna yake. Mafuta yanavuja kwenye maboneti na kurudi nyuma na upepo. Masizi ya ekzosi yanatambaa pembeni mwa maboneti hadi juu ya bawa: meusi rubani akilisha injini mafuta mengi, ya kijivu akibana. Kijani cha juu kinafifia, kijivu cha chini kinachafuka kwa matope ya magurudumu. Kwenye toleo lako wahudumu wake wawili walipandia mlango wa ubavu wa kulia wa pua, hapo weka alama za viatu. Rangi za mafuta za wachoraji zinafanya yote haya: nukta ndogondogo, brashi yenye thina kidogo, unavuta kuelekea upepo unakokwenda.

Kubabua, babua kwenye maboneti na spina tu. Kisha funga mwili mzima kwa vanishi ya laka, mikono myepesi, KABLA ya dekali (zile nembo za kubandika kwa maji). Ukipeleka maji ya dekali juu ya spreyi ya nywele ambayo haijafungwa, kamafleji itainuka pamoja na dekali.

Kidole_Gundi
Hilo la dekali nakubali. La maboneti peke yake mteja hatalipokea. Yeye anataka ubavuni na kwenye bawa. Ameshatoa nusu ya malipo.

UshahidiKwanza
Sawa, ndege ni ya mbao, nimekagua, naomba radhi. Lakini chai bado ipo, nilikosea kikombe tu. Someni uzi kuanzia juu. Mwanzo modeli ilikuwa "ya mtu". Alipobanwa kuhusu mbao akatokea "mteja". Kila hoja ikimshinda, mteja anapata matakwa mapya. Sasa amelipa nusu. Na kwa nini mteja anayejali hivyo asijue ndege yake ni ya mbao?

Kutu_Daima
Uuuwi. Mahakama imekaa.

Baba_Dekali
Mimi niliwahi kuwa na mteja wa hivyo. Alitaka Spitfire nyekundu. Nikamtengenezea. Hadi leo hajaja kuichukua.

LenziMbili
Nakazia swali. Mleta uzi, mteja yupo au hayupo? Hatukuhukumu. Ila kama fedha unaitaka wewe, sema tu, tukushauri wewe.

Kidole_Gundi
Mteja yupo. Na hata asingekuwepo hoja yangu ingebaki pale pale. Nimekuja kuuliza joto la maji, nimeishia kuhojiwa kama mwizi. Kuna watu humu wanapaka ndege ya Zero ya Japani kama imetoka kuzikwa na mnawapigia makofi.

MsasaLaini
Zero ni ya metali.

Baba_Dekali
Tulieni, vijana. Kuna mlango ambao wote mmeupita. Mwishoni mwa 1944 Mosquito kadhaa huko India na Burma zilivunjika mabawa angani, zikasimamishwa zikaguliwe, watu wakanyooshea kidole gundi na hali ya hewa ya kule. Mwaka uliofuata, 1945, nyingi za eneo hilo zilipakwa fedha mwili mzima ili zisinyonye joto la jua. Fedha ya RANGI, si ya metali tupu. Kwa hiyo huyu bwana ana ndege iliyokwisha kupakwa tayari na hajui. Osha spreyi ya nywele kwa maji ya uvuguvugu, tafuta dekali za kikosi cha huko, basi. Kamafleji hauhitaji hata tone.

LenziMbili
Mzee, heshima yako. Hiyo haikunijia kabisa.

MsasaLaini
Nakazia. Ila isibaki na mng'ao wa sufuria. Ni rangi juu ya kitambaa, kwa hiyo ipooze kwa vanishi isiyong'aa, yenye tone la kijivu. Maboneti ndiyo uyaache yang'ae kidogo zaidi, na mafuta na masizi juu ya fedha yataonekana vizuri kuliko juu ya kijani. Hapo mteja, awe nani awaye, anapata ndege iliyochoka bila kubabua kitu.

Kidole_Gundi
Mteja alisema kijani na kijivu.

UshahidiKwanza
Mpigie.

Kidole_Gundi
Nimezungumza naye. Anasema fedha ya Burma inampendeza hata kuliko kijani.

Kutu_Daima
Amejibu upesi kuliko laka inavyokauka. Msalimie sana.

LenziMbili
Yaishe. Osha taratibu, usitumie alkoholi maana laka nyingine zinalainika. Michirizi ya masizi ipulize mwisho kabisa, rangi nyembamba sana, tabaka kwa tabaka, ukisimama mapema kuliko moyo unavyotaka. Kuna lingine hujatuambia kabla sijaenda kulala?

Kidole_Gundi
Dogo tu. Riveti, zile pini za kuunganishia mabati ya ndege. Seti ilikuja na bodi laini haina kitu, nikaona wamesahau, nikazichoma kwa kigurudumu ubavu wote wa kushoto, mstari kwa mstari. Zimenyooka sana.

MsasaLaini
Hawakusahau!! Plaiwudi inagundishwa. Ule ulaini ndiyo ndege yenyewe, mbio zake zilitoka hapo. Praima nzito ubavu wa kushoto, mikono mitatu, ikauke, msasa 1000 na maji, rudia hadi kidole kisihisi kitu. Kisha fedha tena upande huo. Maboneti usiyaguse.

Kidole_Gundi
Upande wa kulia sijachoma. Kabati lenyewe liko kwenye kona, sasa nikiigeuza kidogo, ubavu wa kushoto ukatazama ukutani…

LenziMbili
Kabati la nani? Si ni la mteja?

UshahidiKwanza
😂 Nimejiunga rasmi. Nianze na seti gani?