Nimezungushia sukuma wiki vitunguu na maua, vidukari bado wamejaa. Nakosea wapi?

MamaTuta:
Habari za jioni wakuu. Nina kibustani nyuma ya nyumba huku Kigamboni, matuta manne, udongo wenyewe mchanga mtupu. Tuta moja sukuma wiki, moja bamia, moja nyanya, la mwisho mnavu na mchicha. Dawa za dukani sitaki, maana mwanangu wa mwisho akipita bustanini anachuma jani na kulitafuna hapo hapo.

Nikaambiwa nipande vitunguu na marigold, wadudu watakimbia harufu. Nimezungushia sukuma vitunguu, na marigold sita nimeziweka kwenye pembe za matuta. Huu mwezi wa pili. Jana nimegeuza jani la sukuma, chini yake kijivu tupu, vidukari wamebanana kama unga uliomwagika, na sisimizi wanapanda na kushuka. Bamia nazo zimedumaa, saa sita mchana zimelegea wakati nilimwagilia asubuhi. Nimedanganywa au? Nawasilisha.

Jembe_Butu:
Marigold sita? Hizo za kumpamba bibi harusi, mama 😂

Bwana_Kitalu:
Pole dada. Tuanze na bamia. Ng'oa mche mmoja uliodumaa, suuza mizizi kwenye ndoo. Ukikuta vinundu vinundu kama tangawizi changa, hao ni minyoo fundo, na mchanga ndio nyumba yao. Bamia na nyanya wanazipenda kupita kiasi.

Marigold inawapunguza kweli, ila kazi inafanyika mizizini, chini ya udongo. Harufu ya ua haihusiki. Kwa hiyo ukipanda moja moja pembeni haisaidii. Tuta zima lijae marigold, zisongamane, zikae miezi miwili hadi mitatu, kisha zikatekate na kuzifukia hapo hapo. Ndipo urudishe bamia. Najua inauma kulitoa tuta msimu mzima bila mboga, lakini njia ya mkato sijaiona.

Mmeru_wa_Chini:
Huku kwetu Arusha hata mbegu hatununui, bangi mwitu inaota yenyewe kila kona na ni ukoo mmoja na marigold. Naifukia kabla haijakomaza mbegu. Ukichelewa, zile mbegu nyeusi zinakung'ang'ania kwenye suruali na mwaka unaofuata shamba zima ni bangi mwitu.

Mdadisi77:
Mimi nina neno kuhusu harufu. Watafiti wa Wellesbourne, Uingereza, walichunguza wadudu wa jamii ya kabichi na kuona kwamba kinachowachanganya zaidi ni rangi ya kijani. Mdudu akikaribia mmea anatua kwenye kijani chochote. Kama kuzunguka kabichi ni udongo mtupu, kila akitua anatua kwenye kabichi. Kukiwa na majani mengine, anatua pasipofaa, anahangaika, mwisho anaondoka. Hata majani bandia ya karatasi ya kijani yaliwachanganya, na karatasi haina harufu.

Sasa angalia vitunguu vyako. Majani yamesimama kama sindano, hayafuniki kitu, na umeviweka pembeni. Panda katikati ya mistari ya sukuma kitu kinachotanda, kwa mfano giligilani. Nyingine uziache zitoe maua. Yale maua meupe yanaita inzi wenye mistari ya njano wanaofanana na nyuki, na mabuu yao chakula chao ni vidukari.

Jembe_Butu:
Na ile sukuma-vuta ya ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita je? Wenzetu wa Kenya wanaisifu sana.

Bwana_Kitalu:
Ile ni ya mahindi mkuu. Desmodiamu, mmea unaotanda wa jamii ya kunde, katikati ya mistari inamfukuza nondo wa bungua na kudhibiti gugu la kiduha, majani ya tembo pembeni yanamvuta nondo akatage huko. Kidukari wa sukuma hana habari na desmodiamu.

Bibi_Mboga:
Mwanangu, mmewasahau sisimizi. Wanawafuga hao vidukari kwa ajili ya ule utamu wanaotoa, na wanawafukuza wale wadudu wekundu wenye madoa wanaokuja kuwala. Sisimizi wakiwepo utapanda giligilani bure. Chuma majani yaliyojaa uyachome, yaliyobaki yapige maji ya sabuni kwa chini, kijiko cha chai kwa lita moja, jioni jua likipoa. Ukichuma, osha vizuri kabla ya kupika. Kichuguu chao kitafute ukimwagie maji ya moto, mbali na mizizi. Na kama unatia mbolea ya kuku, ipunguze, jani likinawiri kwa ulaini vidukari wanazaliana humo maradufu.

Halafu mnavu umeukalisha jirani na nyanya? Hao ni ndugu. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, akikosa nyanya anajificha kwenye mnavu. Uhamishie upande wa pili.

MamaTuta:
Nimerudi. Nimeng'oa bamia tatu, zote zina vinundu, kimoja kikubwa kama punje ya karanga. Nimeng'oa tuta lote, nimelia kidogo, kesho nafuata mbegu za marigold. Mnavu nahamisha Jumamosi. Bibi, shikamoo, kichuguu nimekiona chini ya tofali la kingo. Swali moja tu: giligilani nzima ya kupikia niliyo nayo jikoni itaota?

Bibi_Mboga:
Marahaba mwanangu. Inaota, kama haijakaangwa. Isugue kwa kiganja kila punje igawanyike mara mbili, loweka usiku mmoja, ndipo umwage.